Kuvu wa Sumu, Kuvu wa Faida: Hoja Iko Kwenye Nasaba

Menya kitunguu kilichokaa gengeni siku nyingi na chini ya ganda la nje utakuta unga mweusi unaopakaa vidoleni. Mara nyingi huo ni mkusanyiko wa spora za Aspergillus niger, kuvu ambaye mwenye genge humfuta kwa kitambaa bila hata kumtazama. Kisha geuza chupa ya soda usome maandishi madogo: asidi ya sitriki, au E330. Wengi hudhani asidi hiyo imekamuliwa kwenye ndimu. Hutengenezwa na kuvu wa aina hiyo hiyo, na viwanda duniani hutoa zaidi ya tani milioni mbili kila mwaka. Kati ya kitunguu kile na tangi la kiwandani imepita zaidi ya karne moja ya utafiti, na utafiti wote huo unarudia jambo moja ambalo kwetu Afrika Mashariki halijapewa uzito wake: jina la kuvu halikuambii mengi kuhusu thamani yake wala hatari yake. Kinachoamua ni nasaba, yaani ukoo mahususi uliotengwa mahali fulani, na namna ulivyolelewa.

Tuanze na mwili wake, maana faida na hasara zote zinatokana nao. Hamira ni seli moja moja. Kuvu wa nyuzi ni mtandao wa nyuzi nyembamba mno ziitwazo hifa, zenye unene wa maikromita chache, zinazotoa matawi na kuungana. Uzi hurefuka nchani tu. Hapo nchani ukuta ni laini, na vifuko vidogo mno husongamana vikileta malighafi za ukuta mpya pamoja na vimeng'enya vya kumwagwa nje. Nyuma ya ncha, ukuta hukazwa kwa kitini na glukani. Neurospora crassa, kuvu wa rangi ya machungwa ambaye George Beadle na Edward Tatum walimtumia mwaka 1941 kuonyesha kwamba jeni ndizo zinazotawala vimeng'enya, huweza kusonga mbele karibu milimita nne kwa saa. Ndani ya nyuzi, viini vingi husafiri katika ute mmoja, na uzi ukikatika vizibo vidogo hukimbilia tundu lililo karibu na kuliziba ute usimwagike wote.

Kuvu hana tumbo. Humwaga vimeng'enya nje ya mwili, chakula kikayeyukia huko huko, naye akafyonza kilichoyeyuka. Mlo wa namna hiyo umeanikwa mbele ya kila bakteria, kila mdudu na kila kuvu jirani, na hii ndiyo sababu inayotajwa zaidi ya kuvu kutengeneza kemikali nyingi za kuzuia, kuua au kuvuruga wengine. Tasnia nzima ya kuvu imejengwa juu ya mambo hayo mawili, vile vimeng'enya na zile kemikali. Penisilini ni silaha ya aina hiyo. Sumukuvu kwenye mahindi nayo imo katika kundi hilo la kemikali.

Hadi Vita Vikuu vya Kwanza, asidi ya sitriki ya dunia ilitoka hasa kwenye malimau ya Italia. Mwaka 1917 mkemia wa Marekani, James Currie, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba Aspergillus niger akiwekwa kwenye maji yenye sukari nyingi na uchachu mkali hutoa asidi hiyo kwa wingi. Miaka miwili baadaye kampuni ya Pfizer ilikuwa inaizalisha Brooklyn, kuvu akitanda juu ya sinia pana zisizo na kina. Ukisimulia hivyo inaonekana rahisi, lakini ugumu ulikuja baadaye, walipotaka kumzamisha kuvu ndani ya matangi makubwa. Hapo iligundulika kwamba madini kidogo tu ya manganizi, kipimo cha maikrogramu chache kwa lita, yanatosha kuharibu kazi. Bila manganizi kuvu hujikunja akawa vidonge vidogo na kumwaga asidi. Yakiongezwa kidogo, nyuzi hurefuka na asidi hupungua. Kwa hiyo kiwanda kinachotumia molasi, ambayo imejaa madini, hulazimika kwanza kuisafisha, na dawa ya zamani ya kazi hiyo ilikuwa ferosayanidi ya potasiamu. Sukari ni ile ile na kuvu ni yule yule, na bado faida yote inaweza kupotea kwa chembe ambazo mizani ya dukani haiwezi kuzipima.

Habari hii ingepaswa kujulikana sana Kisumu. Katika miaka ya 1970 Kenya ilianza pale mradi mkubwa wa molasi uliokusudiwa kutoa spiriti, hamira, asidi ya sitriki na bidhaa nyingine chini ya paa moja. Gharama zilipaa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi ikasimama kabla kuvu hajaonja molasi. Baadaye sana mitambo ilifufuliwa kwa ajili ya spiriti, ambayo ni kazi ya hamira. Muhoroni, kwa jirani, spiriti na hamira zilikwenda vizuri zaidi. Mimi sioni hapo bahati mbaya tu. Hamira ni mvumilivu na anaelea kwa urahisi tangini. Kuvu wa nyuzi anadai ujuzi ambao hauji ndani ya kontena pamoja na mashine.

Sehemu ya ujuzi huo ni kutafuta nasaba. Kila mtoto wa shule anamjua Alexander Fleming na sahani yake ya mwaka 1928. Wachache wanajua kwamba kuvu wa Fleming hakufaa kwa kiwanda. Kundi la Oxford, Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley, lilionyesha kwamba penisilini inaponya, lakini kiasi walichopata kilikuwa kidogo mno. Kazi ikahamia Peoria, Illinois, kwenye maabara ya Idara ya Kilimo ya Marekani. Huko mambo mawili yalibadilika. Walimlisha kuvu maji mazito yanayobaki baada ya kuloweka mahindi viwandani, taka ambayo ilikuwa inatafutiwa matumizi. Pili, walisaka kuvu wapya kila mahali, na mwaka 1943 tikiti lililooza kutoka sokoni Peoria likatoa nasaba iliyopewa namba NRRL 1951. Nasaba hiyo ilipigwa mionzi ya eksirei na ya urujuanimno, ikachujwa, ikapigwa tena. Karibu penisilini yote ya viwandani leo inatoka kwa wajukuu wa tikiti hilo. Wanasayansi walipokuja kusoma jeni zao walikuta kile kifungu cha jeni za penisilini kimejirudia nakala kadhaa, kimoja baada ya kingine. Waliochagua nasaba hizo miaka ya 1940 na 1950 hawakujua lolote kuhusu jeni hizo. Walipima dawa tangini tu, wakahifadhi aliyezidi.

Trichoderma reesei ana historia ya ajabu zaidi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mahema ya pamba ya jeshi la Marekani kwenye Visiwa vya Solomon yalikuwa yanaoza upesi mno. Kipande cha hema kililetwa maabara, na humo akatengwa kuvu aliyeitwa QM6a. Jeshi lilitaka kumzuia. Elwyn Reese na Mary Mandels, waliofanya kazi Natick, Massachusetts, walitaka kujua anakulaje selulosi, na wakaendelea na swali hilo miaka mingi baada ya vita kwisha. Leo nasaba za viwandani zilizotokana na QM6a huweza kumwaga zaidi ya gramu 100 za protini katika lita moja ya maji ya tangi. Vimeng'enya vyake hutumika kupausha suruali za jinzi, kazi ambayo zamani ilifanywa kwa kuzizungusha na mawe mepesi ya volkano, na pia kuvunja mabua ili kupata sukari ya kutengenezea ethanoli. Jenomu yake iliposomwa mwaka 2008 ilishangaza watu: bingwa wa kula selulosi alikuwa na jeni chache za kazi hiyo kuliko kuvu wengi wasio na sifa yoyote. Uwezo wake uko katika kuzitumia hizo chache bila kiasi na katika mtambo wake wa kumwaga protini nje kupitia ncha za nyuzi.

Kinachofanya nyuzi ziwe hodari msituni ndicho kinachomsumbua mhandisi. Kuvu akikua vizuri, kilichomo tangini huwa kizito kama uji, hewa haipenyi, na mota hula umeme mwingi kukikoroga. Ukikikoroga kwa nguvu zaidi, panga la mashine hukata nyuzi. Ukimlazimisha kuvu awe vidonge, kiini cha kidonge hukosa hewa. Nasaba nayo haitulii. Fusarium venenatum aliyepatikana kwenye udongo wa Marlow, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1960, ndiye anayetengeneza chakula cha protini kiitwacho Quorn, kilichoruhusiwa kuuzwa mwaka 1985. Tangi lake linaweza kuendeshwa mfululizo, lakini baada ya takriban wiki sita hujitokeza kuvu waliobadilika, wenye matawi mengi mafupi, wanaoharibu unyuzinyuzi ule unaofanya chakula kitafunike. Inabidi tangi limwagwe, lioshwe, na kazi ianze upya kutoka kwenye akiba iliyogandishwa.

Dawa zilizofuata penisilini nazipita haraka, ingawa kila moja ingestahili makala yake. Siklosporini, iliyowezesha upandikizaji wa figo na moyo kuwa tiba ya kawaida, ilitoka kwa kuvu wa udongo wa nyanda za juu za Norwei. Akira Endo wa Japani alichunguza maelfu ya kuvu akitafuta kizuizi cha lehemu, na miaka ya 1970 akapata dawa ya kwanza ya kundi la statini kwa Penicillium citrinum. Kisha, mwaka 2005, jenomu za Aspergillus watatu zilichapishwa kwa pamoja, na hesabu ikaonyesha kwamba kila kuvu ana vifungu vingi vya jeni za kemikali kuliko kemikali zilizowahi kuonekana kwake. Vingi viko kimya. Kuvu anayelishwa vizuri peke yake maabara hana sababu ya kutoa silaha zake. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walimweka Aspergillus nidulans pamoja na bakteria wa udongo wa jamii ya Streptomyces, na kifungu kilichokuwa kimelala kikaamka pale nyuzi zilipogusana na bakteria. Kutafuta dawa kwenye kuvu sasa ni pamoja na kutafuta ni jirani gani anayemchokoza.

Sasa tuje kwenye mahindi. Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza kwa mashudu ya karanga, na uchunguzi wake ndio uliofichua sumu ya Aspergillus flavus, aflatoksini. Kwa Wajapani, ndugu wa karibu kabisa wa kuvu huyo, Aspergillus oryzae, ni mali ya taifa: hutengeneza mchuzi wa soya, miso na sake, na mwaka 2006 jumuiya ya watengeneza pombe nchini humo ilimtangaza kuwa kuvu wa taifa. Jenomu za hao wawili zinakaribiana mno kiasi kwamba wataalamu wengi humwona oryzae kama flavus aliyefugwa. Mabaki ya jeni za aflatoksini bado anayo, lakini hazifanyi kazi. Karne nyingi za mafundi wa koji, yaani nafaka iliyooteshwa kuvu huyo, waliohifadhi mbegu ya mzigo uliofanikiwa na kutupa ya ulioharibika, ziliacha nasaba isiyo na sumu.

Kwetu nasaba nyingine ilichagua watu. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani za mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 walikufa baada ya kula mahindi yao wenyewe yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 zamu ikawa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Utafiti wa mahindi ya Kenya uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kuvu aliyetawala hakuwa flavus wa kawaida mwenye sklerotia (vidonge vigumu vya nyuzi) kubwa. Alikuwa mwenye sklerotia ndogo, anayetoa sumu nyingi mno. Ushauri wa kukausha mahindi hadi unyevu wa asilimia 13 hivi na kuyaweka juu ya chanja ni sahihi na lazima uendelee, ila hauelezi kwa nini shamba moja linaua na jingine, lenye ukame ule ule, halifiki huko. Hilo linaelezwa kwa kiasi kikubwa na nani amelala kwenye udongo.

Msingi wa Aflasafe, kinga ya kibiolojia dhidi ya aflatoksini shambani, uko hapo. Peter Cotty wa Idara ya Kilimo ya Marekani alianza na wazo kwamba miongoni mwa flavus wa shamba lolote wapo wasioweza kutoa sumu, na kwamba hao wakitangulia kwa wingi, wenye sumu watakosa nafasi. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA ililileta wazo hilo Afrika. Kila nchi ilibidi itafute nasaba zake yenyewe, zilizozoea udongo na mazao yake, ndiyo maana Kenya ina Aflasafe KE01 inayotengenezwa na shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, KALRO, huko Katumani, Machakos, na Tanzania ikasajili TZ01 na TZ02 mwaka 2018. Mkulima hupewa punje za mtama zilizokaangwa ili zisiote, zikapakwa spora na rangi. Hunyunyiza kilo 10 kwa hekta wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajachanua, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu huamka juu ya mtama, hula, hutoa spora, na upepo hufanya kazi iliyobaki. Majaribio ya mashambani mara nyingi yameonyesha sumu ikipungua kwa asilimia 80 au zaidi.

Wapo wanaohoji, na wana hoja. Mwaka 2009 iligundulika kwamba flavus, aliyedhaniwa kuzaa bila kujamiiana, anaweza kujamiiana. Je, nasaba isiyo na sumu ikikutana na yenye sumu, itapokea tena jeni ilizokosa? Nasaba zilizopoteza kifungu chote cha jeni hutia wasiwasi tofauti na zile zenye kasoro moja tu ndani yake, na kuchanganya nasaba kadhaa katika mfuko mmoja ni kinga ya kiasi. Kwa maoni yangu kikwazo kikubwa kiko sokoni. Sumu haionekani kwa macho. Gunzi moja bovu linaweza kuchafua gunia zima, na sampuli mbili za gunia hilo hilo zikatoa majibu yanayopingana. Kiwango cha Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo, na Machi 2021 Kenya ilipofunga mpaka kwa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikalegeza kwa masharti ndani ya siku chache, wafanyabiashara walioshinda Namanga wakisubiri waligundua kwamba cheti kina thamani kuliko nafaka. Lakini mkulima wa Kibaigwa aliyenunua Aflasafe anauza kwa bei ile ile na jirani yake ambaye hakununua. Mpaka hilo lirekebishwe, mfuko wa mtama utabaki kuwa kitu cha miradi.

Kuvu mwingine aliyetumiwa hapa kwa mafanikio ni Metarhizium. Spora yake hunata kwenye ngozi ya mdudu, huota, hutoboa kwa kusukuma na kwa vimeng'enya, kisha nyuzi hujaa mwilini. Mwaka 2009, kwenye mbuga za Katavi, Ziwa Rukwa na Malagarasi, takriban hekta 10,000 zilipuliziwa Metarhizium acridum, nasaba yenye asili ya Niger, dhidi ya nzige wekundu. Icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu ya Nairobi, imechuja nasaba zake yenyewe: ICIPE 69 kwa inzi wa matunda na vidungata, ICIPE 78 kwa utitiri mwekundu, ICIPE 7 kwa kupe. Mwaka 2005 jaribio lilichapishwa kutoka kijiji kimoja cha Bonde la Kilombero ambako vitambaa vyeusi vilivyopakwa spora vilitundikwa ndani ya nyumba na kuambukiza mbu wa malaria. Burkina Faso walikwenda mbali zaidi: mwaka 2019 Metarhizium aliyetiwa jeni ya sumu ya buibui wa Australia aliwamaliza karibu mbu wote ndani ya banda la wavu. Kuvu hawa wana udhaifu unaojulikana. Huua kwa siku kadhaa hadi wiki mbili, jua huwakausha, na duka lisilo na ubaridi huwaua kabla ya mteja. Mkulima aliyezoea dawa inayoangusha wadudu jioni ile ile hukata tamaa mapema.

Suala la umiliki wa nasaba huanza pale sampuli inapoondoka nchini. Bakteria waliochukuliwa Ziwa Bogoria mwanzoni mwa miaka ya 1990 walitumika ng'ambo kutengeneza kimeng'enya cha jinzi, na mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lililalamika hadharani. Hao hawakuwa kuvu, lakini sheria ni ile ile, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, kuhusu kugawana faida za rasilimali za kijenetiki, ilitokana na malalamiko ya namna hiyo. Walakini itifaki hailindi nasaba ambayo hakuna aliyeitenga. Uholanzi, nchi ndogo, ina huko Utrecht hazina ya kuvu iliyoanza mwaka 1904 na yenye nasaba zaidi ya 100,000. Sisi tuna vichuguu vya mchwa wanaomlima Termitomyces, ambaye uyoga wake tunaununua kando ya barabara msimu wa mvua.

Na kuna jambo ambalo Katumani imelionyesha bila kulitangaza. Aflasafe haihitaji tangi la chuma la lita laki moja. Hukuzwa juu ya nafaka, kama koji, na kama Jokichi Takamine alivyokuza kuvu wake Marekani juu ya pumba za ngano na kupewa hataza ya kimeng'enya chake mwaka 1894. Metarhizium wa Kenya hukuzwa juu ya mchele. Njia hii haiwezi kutoa asidi ya sitriki kwa bei ya China, na anayeahidi hivyo anatafuta mkopo. Inaweza kutoa spora, vimeng'enya vya chakula cha kuku na mbegu safi ya uyoga, kwa mitambo ambayo fundi wa Gikomba au Gerezani anaweza kuitengeneza ikiharibika. Shida zake ni mbili. Nafaka yenye kuvu hutoa joto jingi, na katikati ya lundo kuvu hujipika mwenyewe asipogeuzwa kwa wakati. Nyingine ni kila mzigo kupimwa kabla haujatoka: spora ngapi kwa gramu, asilimia ngapi zinaota, na kama ni nasaba iliyoandikwa kwenye mfuko au ni mgeni aliyeingia usiku dirisha likiwa wazi.